Chuo cha Jamii na Chuo Kikuu: Twataka Ahadi Iliyoandikwa

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wasemao Kiswahili wanaokaa Marekani.



Tumeitwa hapa tuzungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni njia ya kutoka chuo cha jamii mpaka chuo kikuu cha umma. Wengi wenu mmefika nchi hii kutoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, wengine kwa ukimbizi, wengine kwa masomo, wengine kwa bahati nasibu ya viza. Mmefanya kazi katika maghala, katika viwanda vya nyama, katika nyumba za kutunzia wazee. Na kila mmoja wenu akiulizwa kwa nini avumilia zamu ya usiku, jibu lake ni lile lile: watoto wasome. Basi leo twataka kuwaambia jinsi watoto hao wanavyopotea katikati ya njia, si kwa uvivu wala kwa ujinga, bali kwa sababu njia yenyewe imekatika mahali wasipopaona.

Tuanze na chuo chenyewe, maana wako wanaokitukana bila kukijua. Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachofundisha miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu, pamoja na kazi za mikono na ufundi wa namna nyingi. Chuo cha umma cha namna hii kilicho kikongwe kuliko vyote vinavyoendelea mpaka leo kilianza mjini Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ilitoa taarifa iliyotaka vyuo hivi vienezwe kila mahali, na hapo ndipo jina hili la "chuo cha jamii" lilipoanza kushika. Digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huhitaji krediti 120. Krediti ni kipimo cha masomo; somo la kawaida la muhula mmoja huwa na krediti 3. Nusu ya hizo, yaani 60, mtu aweza kuzipata katika chuo cha jamii kilicho karibu na kwake, huku akifanya kazi na kulala kwao. Nusu ya pili huipata chuo kikuu. Ndiyo hesabu, na ukiitazama haina hila yoyote.

Na fedha je? Katika California ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa krediti moja, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2012. Krediti 60, basi, ni dola 2,760. Na mkazi mwenye kipato kidogo husamehewa ada hiyo. Chuo Kikuu cha California hutoza mkazi wa jimbo zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka mmoja, kabla hajalipa chumba wala chakula. Mzazi mwenye watoto wanne hahitaji mwalimu wa hesabu amweleze tofauti hiyo.

Kwa hiyo wale wasemao ya kuwa chuo cha jamii ni shule ya watu wasio na akili, na maneno haya tumeyasikia hata kwenye karamu zetu za arusi, yafaa wajibiwe. Wanafunzi wanaohamia Chuo Kikuu cha California kutoka vyuo vya jamii humaliza digrii zao kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha wenzao walioanzia hapo hapo tangu mwanzo. Wamekaa katika madarasa yale yale, wamefanya mitihani ile ile, na cheti wanachopewa hakina alama ya mahali walipoanzia. Mwenye kumdharau mtoto wa jirani kwa sababu anapanda basi kwenda chuo cha jamii angoje miaka minne, kisha atazame.

Lakini twasema hayo juu ya wale waliofika. Wengi hawafiki.

AHADI YA 1960

Mwaka 1960, mwaka ule ule ambao Kongo na nchi nyingine nyingi za Afrika zilipandisha bendera zao, jimbo la California lilitunga mpango mkubwa wa elimu ya juu. Clark Kerr, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa mmoja wa waliousimamia, na Gavana Pat Brown akautia sahihi kuwa sheria. Mpango uligawa vyuo vya umma katika ngazi tatu. Chuo Kikuu cha California kingechukua wanafunzi kutoka kundi la juu, mmoja katika kila wanane wa waliomaliza sekondari. Vyuo vya jimbo, ambavyo leo ni California State University, vingechukua kutoka theluthi ya juu. Na vyuo vya jamii vingempokea kila mtu awezaye kufaidika na masomo.

Sikilizeni vizuri hapo. Mpango uliosema ya kuwa vijana saba katika kila wanane wasianzie Chuo Kikuu ulikuwa ni mpango wa kufunga mlango. Kilichoufanya uwe wa haki ni ahadi ya pili: kwamba yule aliyeelekezwa chini, akifanya vizuri, atapandishwa juu katika mwaka wa tatu. Ondoa kupandishwa huko, na mpango mzima hugeuka kuwa njia ya adabu ya kuwatenga watoto wa watu wa chini. Hatusemi walioutunga walikuwa na nia mbaya. Twasema tu ya kuwa mlango waliufunga kwa sheria, na ngazi wakaiacha kwa hisani ya maofisa.

Mwaka huo huo wa 1960 mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Burton Clark, ambaye alikuwa amekichunguza chuo cha jamii cha San Jose, aliandika makala ambayo yatajwa mpaka leo. Alichoeleza ni kwamba mwanafunzi anayetaka digrii, na ambaye chuo kimeona hataiweza, hafukuzwi. Hupewa mtihani, huketishwa na mshauri, huonyeshwa maksi zake, kisha huongozwa polepole kuelekea cheti cha kazi, mpaka mwenyewe aamini ya kuwa tamaa yake ilikuwa kubwa mno. Hagombi na mtu. Huondoka akishukuru. Sisi tuliotoka katika nchi zilizotawaliwa twaijua adabu ya namna hiyo.

Sasa tazameni matunda. Kati ya wanafunzi wanaoanza katika vyuo vya jamii vya Marekani, kiasi cha 80 katika kila 100 husema ya kuwa shabaha yao ni digrii ya kwanza. Taarifa zilizotolewa mwaka 2024 na watafiti waliowafuatilia kwa miaka sita zaonyesha ya kuwa waliofaulu kuhamia chuo cha miaka minne ni theluthi moja hivi. Katika hao waliohama, walioipata digrii ni karibu nusu. Ukijumlisha yote, wanafunzi 16 tu katika kila 100 walioanza ndio waliofikia kile ambacho 80 walisema wanakitaka. Mkulima aliyepanda mbegu 80 akavuna miche 16 hasemi mbegu ni mbovu kabla ya kulitazama shamba.

JINSI KREDITI ZINAVYOPOTEA

Tukitazame, basi, kile ambacho wengi hawaelezwi. Mwaka 2017 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua kazi za serikali ilitoa taarifa juu ya wanafunzi wote waliohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine kati ya mwaka 2004 na 2009. Ilikadiria ya kuwa kwa wastani walipoteza krediti 43 katika kila 100 walizokuwa nazo. Hata waliohama kutoka chuo cha umma kwenda chuo cha umma walipoteza 37 katika kila 100. Hizi ni saa za watu. Ni asubuhi ambazo mama alitoka kazini saa kumi na mbili akaingia darasani saa mbili bila kulala.

Zinapoteaje? Watu hudhani ya kuwa chuo kikuu huzikataa. Mara nyingine ndivyo, lakini njia iliyo ya kawaida ni ya siri zaidi, nayo ndiyo inayotuudhi. Chuo kikuu huzipokea krediti zote 60, huziandika katika kitabu, na kijana hufurahi. Kisha idara ya somo lake humwambia ya kuwa krediti 20 miongoni mwa hizo zimewekwa katika fungu la masomo ya hiari. Zipo, lakini hazipunguzi hata somo moja katika yale anayopaswa kuyamaliza ili apate digrii ya uhandisi au ya uuguzi. Amepokewa na hakupokewa.

Chukueni mfano wa kijana anayetaka uhandisi. Chuo cha jamii kina masomo mawili ya fizikia. Moja hufundishwa kwa aljebra, nalo ni jepesi kidogo na lina nafasi saa za jioni. La pili hufundishwa kwa kalkulasi, nalo liko mchana tu. Kijana afanya kazi mchana. Anachukua la jioni, anapata A, anapigiwa makofi nyumbani. Miaka miwili baadaye idara ya uhandisi yamwambia arudie fizikia tangu mwanzo, kwa kuwa ile ya aljebra haitambuliwi kwa wahandisi. Na kwa kuwa masomo ya mwaka wa tatu yote yameegemea fizikia hiyo, amepoteza mwaka, wala si muhula mmoja. Hakuna aliyemdanganya. Mshauri wa chuo cha jamii alimwambia ya kuwa somo hilo "linahamishika," na ni kweli lilihamishika.

Kuna la Kiingereza pia, ambalo latugusa sisi hasa. Wengi wetu tukifika twawekwa katika madarasa ya Kiingereza cha wageni, na kabla ya miaka hii ya karibuni twaliwekwa vile vile katika hesabu za kurudia, daraja baada ya daraja, ambazo mara nyingi hazikuhesabiwa kuelekea digrii. Mtu aliweza kusoma miaka miwili akawa bado hajaanza. California ilitunga sheria mwaka 2017 ikavitaka vyuo vitazame maksi za sekondari badala ya mtihani wa siku moja, na visimpeleke mwanafunzi katika masomo ya kurudia pasipo sababu ya nguvu. Sheria hiyo imewaudhi baadhi ya walimu, na hoja zao si za kupuuzwa zote. Darasani wamo vijana wanaohitaji msaada kweli. Lakini msaada mtu aweza kupewa akiwa ndani ya somo lenyewe. Kumsimamisha nje ya uzio miaka miwili si msaada.

Na saa ya msaada wa fedha inakwenda. Msaada wa serikali kuu uitwao Pell, ambao ndio tegemeo la wasio na kitu, una mwisho wake: mihula 12 ya masomo kamili katika maisha ya mtu, basi. Kila somo lililorudiwa limekula katika mihula hiyo. Kwa hiyo wapo wanaofika chuo kikuu, wanafanya vizuri, halafu fedha zinakwisha wakiwa wamebakiza masomo machache. Hao huwaoni katika picha za mahafali.

KUANDIKISHWA PANDE MBILI

Sasa tuje kwenye dawa inayozungumzwa siku hizi. Maneno "kuandikishwa pande mbili" hutumiwa kwa mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni la kijana wa sekondari. Akiwa bado shuleni, huandikishwa pia katika chuo cha jamii, akasoma somo moja likahesabiwa pande zote mbili. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya namna hii mwaka 1985, na kwa sasa mpango umeenea kila upande. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23 walikuwako karibu vijana 2,500,000 wa sekondari wakisoma masomo ya chuo. California kwa sheria ya 2015 iliruhusu vyuo vya jamii na shule kufanya mapatano ambayo kijana hatozwi ada, na sheria hiyo yataja wazi wale ambao hawakuwa wakielekea chuoni.

Twataka mjue historia yake, maana imegeuzwa. Mwaka 1974 katika chuo cha jamii cha LaGuardia, mjini New York, ilianzishwa sekondari ndani ya uwanja wa chuo. Haikuanzishwa kwa ajili ya wanafunzi bora. Ilianzishwa kwa ajili ya vijana waliokuwa karibu kuacha shule, kwa imani ya kuwa kijana akiketi pamoja na watu wazima wanaosoma kwa bidii naye atajiona mtu wa chuo. Tangu hapo jambo likakua, na lilipokua likahamia kwa wenye nafasi. Leo katika nchi nzima vijana Weusi ni wachache katika masomo haya kuliko idadi yao katika shule. Sababu ni nyingi: shule yao haina mapatano na chuo chochote, au ada haikusamehewa, au basi halifiki, au mwalimu hakuwahi kumfikiria mtoto yule. Basi mzazi asingoje barua. Aende shuleni akaulize mapema, wala asikubali kujibiwa ya kuwa mpango huo ni wa "wale wenye vipaji."

Lakini tusiwafiche upande wa pili. Maksi za masomo haya ni maksi za chuo, na hukaa katika orodha ya maksi ya mtu daima. Kijana wa miaka 15 akishindwa, F yake humngoja mlangoni miaka mitatu baadaye anapoomba msaada wa fedha au nafasi ya chuo kikuu. Tena kijana aweza kukusanya krediti 30 za huku na huku, somo la sanaa, somo la mazoezi, somo la filamu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo shuleni kwake, na chuo kikuu kikaziweka zote katika lile fungu la hiari tulilolitaja. Amefika mapema mahali asipotaka kwenda. Twaliunga mkono jambo hili, lakini twaliunga mkono likiwa na ramani.

Jambo la pili ndilo tunaloliona kuwa na uzito zaidi. Ni la mwanafunzi wa chuo cha jamii ambaye chuo kikuu kimempokea tangu siku ya kwanza. Haombi nafasi baada ya miaka miwili. Nafasi anayo, akitimiza masharti yaliyoandikwa. Katika jimbo la Virginia, chuo cha jamii kiitwacho Northern Virginia Community College na George Mason University walianza mpango wa namna hiyo mwaka 2018, wakauita ADVANCE. Mwanafunzi huchagua somo lake mapema. Hupewa orodha ya masomo, muhula kwa muhula, kutoka la kwanza chuo cha jamii mpaka la mwisho chuo kikuu. Anakuwa na mshauri mmoja anayemfuata pande zote mbili. Aruhusiwa kutumia maktaba ya chuo kikuu na kuingia katika vyama vya wanafunzi angali chuo cha jamii. Akimaliza sehemu ya kwanza haandiki maombi mapya, anavuka.

Faida ya ndani ya mpango huu si maktaba. Ni kwamba idara ya uhandisi imelazimika kukaa meza moja na chuo cha jamii kabla kijana hajaanza, ikasema kwa maandishi: fizikia ile, si hii. Mzigo wa kuifahamu njia umetoka begani kwa mtoto wa mhamiaji wa miaka 18, umewekwa mezani kwa watu wanaolipwa mshahara kuifahamu. Kwetu sisi jambo hili lina tofauti kubwa na jengo jipya au kipeperushi cha rangi.

Florida ilitangulia kwa njia nyingine, na ya jimbo zima. Tangu miaka ya 1970 vyuo vyake vya umma vimetumia namba moja za masomo, hata somo lenye namba ile ile lisiweze kukataliwa ng'ambo ya pili kwa kisingizio cha kuwa ni tofauti. Na aliyehitimu miaka miwili kwa cheti kile cha kuhamia ameahidiwa na sheria nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo, ijapokuwa masomo yenye nafasi chache yana masharti yake. California, yenye vyuo vya jamii 116, ilipitisha sheria ya namba za pamoja mwaka 2021, na masomo ya kwanza yakaanza kuzitumia mwaka 2025. Miaka 50 nyuma ya Florida! Jimbo lililoandika mpango uliosifiwa dunia nzima lilishindwa muda wote huo kukubaliana somo la hesabu liitwe nani.

Tuseme haki, California haikulala kabisa. Sheria ya 2010 iliunda cheti cha kuhamia ambacho mwenye nacho huhakikishiwa nafasi katika California State University, naye akiendelea na somo lile lile katika mpango uliokubaliwa asidaiwe zaidi ya krediti 60 nyingine. Mwaka 2023 vyuo hivyo vya jimbo na Chuo Kikuu cha California vilianza, kila kimoja kwa namna yake, kuwapa baadhi ya vijana mapatano ya kupokewa baadaye tangu wanapomaliza sekondari. Lakini mpango wa Chuo Kikuu ulianza kama majaribio, na kampasi zilizoingia zilikuwa sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazikuwamo. Tukiuliza kwa nini, tutaambiwa zimejaa. Zimejaa nani?

LA KUFANYA

Vijana, msianze muhula bila kujua mwendako. Ukisema "nitachagua somo baadaye," umechagua lile fungu la hiari. Kama u California, iko orodha ya jimbo kwenye intaneti iitwayo ASSIST, haina malipo, nayo huonyesha somo hili la chuo chako cha jamii lahesabiwa kuwa somo gani katika kampasi ile, na kwa digrii ipi. Ifungueni kabla ya kumwona mshauri. Mkimwona, msiulize kama somo lahamishika. Ulizeni lahesabiwa katika digrii yenyewe, na jibu mliombe kwa maandishi, lenye tarehe. Karatasi ya muhtasari wa kila somo mliyopewa na mwalimu siku ya kwanza itunzeni. Siku idara ikikataa somo lako, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako katika rufani. Na rufani ipo. Wengi hawakati rufani kwa sababu wamelelewa wasibishane na ofisi.

Nanyi wazazi, kazi yenu si kulipa tu. Vyuo vya jamii vya California vimegawanyika katika wilaya 73, na halmashauri za karibu wilaya hizo zote huchaguliwa na wapiga kura wa mahali. Aliye raia anaye mjumbe wake pale, na wengi wetu hatujui hata jina lake. Katika karatasi ya kura twaliruka fungu hilo kwa sababu li chini kabisa. Asiye raia hana kura, lakini sauti anayo: sheria ya mwaka 1953 iitwayo Brown Act yataka halmashauri hizo zikutane mbele ya watu na kumpa mtu yeyote nafasi ya kusema. Huulizwi uraia ili useme. Na Kiingereza chako kikiwa cha kuvunjikavunjika, kivunje vivyo hivyo, au njoo na mwanao akutafsirie, maana habari ni yake.

Ombi letu huko liwe moja, wala tusiende na orodha ya malalamiko ishirini itakayosinzisha watu. Twataka kila chuo cha jamii kiwe na mapatano yaliyoandikwa na chuo kikuu cha umma kilicho karibu, somo kwa somo, ya kumpokea mwanafunzi pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Wakituambia ya kuwa jambo hilo ni gumu, tutawaambia ya kuwa huko Virginia vyuo viwili vililifanya. Wakituambia ya kuwa laingilia uhuru wa maprofesa, tutajibu ya kuwa maprofesa wana haki ya kusema fizikia ipi watakayo. Twaomba tu waseme mwanzo, wasiseme mwisho. Na wakituambia fedha hakuna, tutauliza ni kiasi gani kinachotumika kumfundisha kijana mmoja fizikia mara mbili.

Tarehe za mikutano ya halmashauri hubandikwa saa 72 kabla, pamoja na orodha ya mambo yatakayojadiliwa. Mtu mmoja kati yetu atakuwa akizitazama na kuwapasha habari. Wenye zamu za usiku watakaa viti vya nyuma wakisinzia kidogo, hakuna ubaya. Karatasi za krediti zilizokataliwa leteni, tuzipige nakala. Za fizikia ziwekwe juu.